Mumunye la Yunisi

Wiki iliyopita jirani yangu alinirushia fungu la mchicha juu ya uzio, kama tunavyopeana siku zote. Nikalidaka, nikashukuru, na yeye alipogeuka nikalitupa shimoni. Mchicha ulikuwa mzuri kupita kiasi, majani mapana, hauna hata tundu moja la mdudu, na hilo lilinitia wasiwasi kabla pua haijaniambia kitu. Kisha pua ikaniambia. Dawa ya pamba. Ukishaijua harufu yake huikosei tena: ni kama kitunguu saumu kilichooza ndani ya mafuta ya taa. Nikaketi juu ya kinu kilicholazwa pale uani, na bila kujijua nikawa nimekunja kidole changu cha shahada ndani ya kiganja. Mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, kidole kinauma?"

Hakiumi. Ni mazoea ya miaka zaidi ya arobaini.

Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la tatu, na kwa nini niliishia hapo nitafika. Ninayoyaandika hapa nimeyasema mengi moyoni lakini sijawahi kuyaweka mahali. Na nitawataja watu kwa majina, maana wao hawakuona taabu kunitaja mimi. Wa kwanza ni baba mkubwa Kitundu, kaka yake baba. Wa pili ni shangazi Marita, dada yao. Wa tatu ni baba yangu mzazi, na huyo ndiye anayeniuma kuliko wote, kwa sababu nilimpenda.

Nyumba yetu ilikuwa Iramba, chini ya mawe makubwa, mahali ambapo upepo wa kiangazi hauna adabu, unaingia mpaka ndani ya chungu. Nyuma ya nyumba palikuwa na korongo la mchanga. Mvua zikikatika, maji yanapotea juu, lakini ukichimba mchanga kimo cha mtoto unayapata yamelala, baridi, meupe kidogo kama yaliyooshewa mchele. Hapo ndipo mama alipoweka bustani yake. Mama alikuwa ametoka Sepuka, na watu wa kwa baba walimwita "Mnyaturu" mpaka siku tunamzika, kama vile hakuwahi kupewa jina.

Ninyi wa rika langu mnajua kiangazi kilivyokuwa. Shule imefungwa, mtama umeshaingia ghalani, ng'ombe wanaachiwa mabua, na watoto hawana la kufanya ila kutumwa. Mimi na mdogo wangu Yunisi hatukutaka kutumwa kwingine ila bustanini. Nilikuwa na miaka kama tisa, yeye sita. Tulishona uzio kwa matawi ya miiba, tukapanda minyaa pale palipokuwa na pengo. Tulibeba samadi ya mbuzi kwa karai bovu, mmoja huku mmoja kule, na tukifika nusu ya njia Yunisi anasema, "Tupumzike, samadi imechoka." Tulitoboa kopo la maziwa ya unga kwa msumari, tukapata bomba la mvua letu wenyewe. Tulikuwa tunapigania kulishika, maana maji yakianza kutoka kwenye yale matundu na jua la saa tisa likipita katikati yake, Yunisi alikuwa anaingia chini na kusema mvua imerudi.

Mama alikuwa na matuta sita. Mchicha, vitunguu, ngogwe, nyanya kidogo, na figili ambazo hakuna aliyezila ila yeye. Wadudu aliwapiga kwa majivu. Kila asubuhi anazoa majivu ya jikoni yakiwa yamepoa, anapita akiyanyunyiza kwa vidole juu ya majani kama mtu anayetia chumvi, na anawasemesha wale wadudu kwa Kinyaturu, maneno ambayo hakututafsiria. Mchicha wetu ulikuwa na matundu. Tuliula hivyo hivyo, na mlenda, na ugali wa mtama, na kama nyanya imeiva mbele ya mmoja wetu, haikufika nyumbani. Tulikuwa tunaficha chumvi kwenye jani, chini ya jiwe la pale kisimani, kwa kazi hiyo.

Mwaka huo mama alitupa kila mmoja mbegu moja ya mumunye, ya aina ile yenye shingo, inayokaushwa ikawa kibuyu au ikapasuliwa ikawa kata ya kuchotea maji. Tukazipanda kando ya uzio. Na sheria ya mumunye mnaifahamu. Tunda changa halinyooshewi kidole. Ukitaka kumwonyesha mtu, unakunja kidole unaonyesha kwa kifundo. Ukilinyooshea, linanyauka au linaoza, linadondoka. Kwetu hata mzee mlevi aliyeshindwa kuonyesha mlango wa nyumba yake alikumbuka kukunja kidole akipita kwenye maboga ya watu.

La Yunisi lilishika. Langu likaenda majani matupu. Kila ua lililofunga, kitunda chake kilikaa siku tatu kikageuka njano, kikaanguka. La Yunisi lilinenepa mpaka likatoshana na kichwa cha mbuzi, na bado lilikuwa laini. Hapo mama akamfundisha kuliandika. Unachukua mwiba, unachora kidogo sana kwenye ngozi ya tunda, na kovu linakua pamoja na tunda mpaka linakomaa. Yunisi hakujua kusoma. Alijua herufi moja tu, niliyomfundisha mimi, ya jina lake, kwa sababu inafanana na panda ya manati. Akaichora. Mwezi mzima kazi yake ikawa kwenda kuangalia kama panda yake imekua. "Raheli, njoo, imeota miguu!" Nami nikienda naonyesha kwa kifundo na kusema, "Iko kombo."

Wivu wa mtoto ni kitu kibaya, mtu asiniambie ni kitu kidogo.

Habari ikaja kutoka Sepuka kwamba bibi yetu mzaa mama ni mgonjwa sana. Mama akafunga kitenge, akatuambia tumsikilize shangazi Marita, akaondoka kwa miguu kwenda kutafuta gari. Kesho yake mchana, Yunisi akiwa amelala, niliingia bustanini peke yangu. Mumunye lilikuwa limeegemea uzio, linang'aa, lina manyoya yale laini ya utoto. Nikaangalia huku na huku. Nikanyoosha kidole. Nilikinyoosha mpaka mfupa ukauma, nikakishikilia hapo, na moyoni nikasema, oza.

Kisha nikakimbia nikajificha ghalani.

Siku iliyofuata asubuhi akaja baba mkubwa Kitundu. Yeye alikuwa na shamba la pamba, na alikuwa na sauti ya mtu mwenye pamba. Alikuja na chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la hindi, ndani yake kitu cheupe kama maziwa.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Mama yenu kafuga viwavi humu kama watu wanavyofuga mbuzi. Mchicha gani huu, una madirisha?"

Yunisi akacheka. Akasema, "Ni ya kupitishia upepo, baba mkubwa." Na yeye akacheka pia, nakumbuka, akamgusa kichwani.

Alikuwa ameahidiana na mwanamke mmoja wa Shelui, mwenye kibanda cha chakula pale malori yanapolala, kumpelekea mboga. Za kwake zilikuwa zimekauka, akaona za shemeji yake aliye mbali zinafaa. Hakumwuliza mtu. Baba alikuwa kwenye ng'ombe, na hata angekuwepo angesema sawa kaka. Akatutoa nje ya uzio. "Kaeni huko, msije mkakohoa." Shangazi Marita ndiye aliyembebea maji.

Hakuwa na bomba la kupulizia. Bomba lilikuwa la chama cha ushirika, na chama kilikuwa kimefungwa. Kwa hiyo alitaka ndoo na kitu cha kupimia. Kwenye nguzo ya kisima, mahali pake pa siku zote, ilining'inia kata yetu ya kunywea maji, ya zamani, nyeusi kwa mikono ya watu. Akaitungua. Akamimina dawa ndani ya kata, akaangalia kimo, akaongeza kidogo, akamwaga kwenye ndoo. Akakoroga kwa kijiti. Akachukua fungu la matawi, akawa anachovya na kurushia mboga, anachovya na kurushia, kama mchungaji wa kanisa anayebariki asiowapenda. Harufu ikajaa mpaka kwenye mawe. Alipomaliza, shangazi akammwagia maji kwenye ile kata, akasuuza, akamwaga. Akamwagia tena, akasuuza, akamwaga. Akaitundika pale pale, mdomo chini.

Haya yote niliyaona kwa macho yangu kupitia kwenye miiba. Baba mkubwa akatuambia tukiwa wawili, "Mchicha huu msiuguse, ni wa Shelui." Kuhusu kata hakusema neno.

Sasa, kila mtu aliyekulia kwenye vibuyu anajua kwamba kibuyu hakisahau. Cha maziwa ni cha maziwa, cha asali ni cha asali, cha mafuta ya alizeti usijaribu kukitia maji hata ukikichemsha. Baba mkubwa mwenyewe aliwahi kumgombeza mkewe, mtaa mzima ukasikia, kwa sababu alitia togwa kwenye kibuyu kilichokuwa cha samli. Alijua. Siku hiyo alikuwa anawaza Shelui.

Ilipofika saa nane tulikwenda kumwagilia mimea yetu. Upepo ulikuwa umetulia, mchanga wa moto, na tulikuwa na kiu. Kwetu akichota mkubwa, anaanza kunywa mdogo. Nikatungua kata, nikachota, nikampa Yunisi. Akanywa mafunda mawili, akashusha.

"Raheli, maji yananuka."

Nami nikasema, na hili ni langu, sitamtwika mwingine: "Bustani yote inanuka. Kunywa upesi na mimi ninywe."

Akanywa mpaka chini. Nilichota tena, nikanywa kidogo, ulimi ukawa kama umeramba betri, yaliyobaki nikamwagia kwenye shina langu la mumunye ambalo halikuzaa. Tukaendelea na kopo letu. Sijui ni muda gani. Yunisi akasema tumbo. Kisha akakaa chini. Mate yakawa yanamtoka, mengi, anayafuta na yanatoka tena, na jasho, na macho yake yalikuwa yamebadilika, kile cheusi cha katikati kimekuwa kidogo kama mbegu ya mchicha. Nikapiga kelele, nikamburuta mpaka uani, na hapo miguu yangu nayo ikakataa.

Baada ya hapo nakumbuka nikiwa nimelala kwenye ngozi, nimejitapikia, na sauti zinakuja kama zinatoka ng'ambo ya ukuta. Baba alikuwa amerudi. Baiskeli yake ilikuwa imeegemea mlango, niliona gurudumu.

Baba akasema, "Kaka, niwapakie niwawahishe zahanati?"

"Degedege hilo," akasema baba mkubwa. "Unampakia mtoto wa degedege kwenye upepo? Unataka afie njiani, uje kusema nini kwa watu?"

"Na huyu mkubwa je? Degedege la watu wawili?"

"Nimesema."

Nikasikia baba akikaa chini, kile kigoda chake kinavyolia. Zahanati haikuwa mbali. Wangeuliza watoto wamekunywa nini, na baba mkubwa hakutaka kuulizwa. Baba aliona mate yale. Alikuwa amefanya vibarua vya pamba, alijua. Akakaa.

Yunisi alikufa jua likiwa bado halijazama. Najua kwa sababu mwanga ulikuwa unapita mlangoni, mwekundu, ukamfika miguuni.

Shangazi Marita alikuwa ananipangusa kwa kitambaa. Nikamshika mkono, nikamwambia nikilia, "Shangazi, ni mimi. Nililinyooshea kidole mumunye lake." Aliacha kunipangusa. Akaniangalia kwa muda, mpaka leo naona alivyoniangalia, kama mtu aliyekuwa anazama akaguswa na gogo. Akainuka, akatoka nje.

Kesho yake watu wamekaa kwenye msiba, mimi nimelazwa ndani naweza kusikia, baba mkubwa akasafisha koo. "Ndugu zangu, hatupendi kusema. Lakini huyu mtoto mwenyewe amekiri kwa mdomo wake. Alinyoosha kidole kwenye tunda la mwenzie, akanuia." Wanawake wakasema yoo. Kuna mzee akauliza, "Sasa mumunye ndiyo inaua mtu?" Baba mkubwa akajibu, "Inategemea na kidole."

Jioni hiyo nilitambaa mpaka mlangoni kukojoa. Nikamwona shangazi nyuma ya jiko anachoma kitu. Ilikuwa kata yetu. Ilitoa moshi mweusi wa mafuta. Na kule bustanini baba mkubwa alikuwa anachimba, ameinama, chupa ya soda iko pembeni yake. Nikawaza, bila shaka vitu vya mkosi huchomwa na kuzikwa. Nikawaza kwamba na mimi watakuja kunichukua. Nilikunja kidole changu siku hiyo, sikukikunjua tena.

Mama alirudi siku ya tatu baada ya mazishi. Hakuna aliyempelekea habari. Alikuta kaburi. Sitaandika kuhusu kilio chake. Nitasema tu kwamba baadaye alikwenda bustanini peke yake, akakaa kule muda mrefu sana, na aliporudi alikuwa na udongo mpaka viwikoni na hakuniuliza kitu. Nilikuwa nimekatazwa kukanyaga kule. Kiangazi kilipoisha, kabla ya mvua za kwanza, alikuja na mumunye la Yunisi, limekauka, limekuwa gumu, lina rangi ya asali, na ile panda imekua kubwa kama kiganja. Akapigilia msumari ukutani, mbele ya ngozi niliyolalia, akalitundika hapo.

Kila asubuhi nikifungua macho, la kwanza kuliona ni lile. Nilijua maana yake. Mama ananionyesha nilichofanya. Nikajifunza kulala nimegeukia ukuta wa pili.

Shule ilipofunguliwa, watoto wa baba mkubwa walikuwa wameshanibatiza. "Kidole! Kidole anakuja, ficheni maboga!" Darasani mwalimu alikuwa na desturi ya kumwita mtoto mbele aonyeshe herufi ubaoni. Nikiitwa naonyesha kwa kifundo. Wanacheka. Mwalimu akadhani nafanya mzaha, akasema nyoosha kidole mtoto wewe, mimi nikashindwa, akanichapa. Siku nyingine tena. Siku ya tatu aliandika ile ya panda. Nikaiangalia, nikaenda kuchukua mfuko wangu wa madaftari, nikatoka, na sikurudi. Baba hakuniuliza. Alikuwa ameshaacha kuniuliza chochote.

Nikakua hivyo. Nikaolewa upande wa Shelui na mtu mwema asiyeuliza mambo ya kidole, tukalima alizeti na pamba. Nilikuwa nimeshazaa watoto watatu siku bwana shamba alipotukusanya wakulima chini ya turubai kutufundisha kuhusu dawa. Kijana tu, shati limebana. Akanyanyua chupa, akasema, "Kina mama hasa nisikilizeni. Msipimie dawa hii kwa kikombe cha nyumbani, na kwa kata ndiyo kabisa. Kibuyu kinakunywa. Hata ukikisuuza mara kumi, mtoto akikinywea, atatokwa mate, jasho, mboni ya jicho itakuwa ndogo hivi. Hapo ni hospitali mbio, kuna dawa yake. Mkikaa mnasema degedege, mmezika."

Nilisimama. Watu wakadhani nina swali. Bwana shamba akasema, "Ndiyo, mama." Sikuwa na swali. Nilitembea kutoka pale mpaka kwa shangazi Marita bila kupitia nyumbani.

Nilimkuta anapepeta uwele. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwambia moja kwa moja, "Ile kata, shangazi. Mliichoma kwa nini?"

Ungo ukasimama. Akasema, "Aliisuuza. Mara mbili. Mimi ndiye nilimmwagia maji."

"Niliona."

"Basi kama uliona."

"Mlijua siku ile ile."

"Tungefanyaje, mwanangu? Tumpeleke kaka yetu kifungoni, na mtoto harudi? Wewe ulikuwa mdogo. Tulisema watoto husahau."

"Mimi ni kibuyu, shangazi," nikamwambia. Alianza kulia. Nikamwacha anavyolia. Amekufa sasa, na sikwenda kumzika, na sijutii.

Baba alikuwa ameshatangulia wakati huo, kwa hiyo yeye hakupata kunijibu. Nilikwenda kwa mama. Alikuwa amezeeka, anaishi katika chumba kile kile, na mumunye liko pale pale ukutani, limefunikwa na moshi. Nikamweleza yote. Alinisikiliza, kisha akainuka kwa shida, akalitungua, akalipangusa kwa upindo wa kitenge, akaniwekea mapajani.

"Ulilinyooshea kidole?"

"Ndiyo, mama."

"Ukanuia?"

"Nilinuia."

"Likaoza?"

Nikaliangalia. Lilikuwa zima. Halikuwa na hata ufa. Mbegu zilikuwa zinagonga ndani.

"Nililitundika mbele ya macho yako," akasema mama. "Kila siku nasema, leo ataliona. Leo ataniuliza, mama, mbona halikuoza. Hukuuliza. Ukawa unageukia ukuta."

"Nilidhani unanionyesha dhambi yangu."

Alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Nikamwuliza kwa nini hakusema kwa mdomo. Akasema, kwa mdomo upi? Mwanamke wa kuja, Mnyaturu, amshtaki kaka mtu? Baba yako angenirudisha Sepuka na wewe ungebaki huku mikononi mwao. Ile chupa nayo mama aliikuta. Aliifukua kwa mikono siku ile ile aliyorudi, akainusa, akaifukia tena. Miaka yote hiyo tulilala chumba kimoja, yeye na jibu lake ukutani, mimi na mgongo wangu.

Mama alipofariki nililichukua. Nikakaa nalo miaka, sikulikata. Mwaka huu kiangazi ndiyo nimelikata. Sababu ni kwamba ililetwa barua ya mwaliko, watoto wa baba mkubwa wanafanya ibada ya shukrani kwa uzee wake, maana bado yuko, macho yamefifia lakini yuko, na barua inasema ni mzee wa watu asiye na adui. Nikachukua msumeno mdogo wa mume wangu, nikalipasua kwa urefu kupitia shingoni. Mbegu nilizipanda. Hazikuota hata moja, zilikuwa zimekaa mno. Ile nusu yenye panda nikaichemsha, nikaikwangua ndani kwa kigae, nikailoweka siku nne mpaka uchungu ukaisha. Ikawa kata nzuri kuliko zote nilizowahi kushika.

Nilikwenda nayo. Watu walikuwa wengi uani, maturubai, wali, nyama, kwaya. Baba mkubwa Kitundu amekalishwa kwenye kiti cha mito, shada la maua ya karatasi shingoni. Nilichota maji kwenye mtungi wao wenyewe, mbele ya kila mtu, nikapiga goti.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba, marahaba. Nani huyo?"

"Raheli."

"Raheli wa Mnyaturu! Karibu mwanangu. Umeniletea nini?"

"Maji."

Akanyoosha mikono yote miwili, anatabasamu. Vidole vyake vikaigusa kata, vikapita kwenye ukingo, vikashuka, vikafika kwenye kovu la panda. Mikono ikarudi mapajani.

"Leteni kikombe," akasema.

Mkwe wake akacheka, mwanamke mchangamfu, hana kosa lolote. "Baba na kata! Tangu niolewe hapa hajawahi kuinywea. Ukimpa kata hata ana kiu ya kufa, anataka kikombe. Anasema inamkwaruza mdomo."

Watu wakacheka. Nami nikangoja mpaka wamalize.

"Kunywa, baba mkubwa," nikasema. "Si kwetu anaanza mdogo? Yunisi alishaanza."

Nikanyoosha kidole. Kiliuma, kifundo kilikuwa kimeshazoea kukaa kimekunjwa, lakini kilinyooka, chote, kikamwelekea usoni, na watoto wake waliokuwa wakiniita Kidole, watu wazima sasa wenye mvi, walikuwa wamesimama wanaona. Hakuna aliyeuliza, na mimi nikasema yote, ya chupa, ya matawi, ya kusuuza mara mbili, ya baiskeli iliyoegemea mlango. Baba mkubwa hakukana. Aliinamisha kichwa mpaka lile shada likamfika puani, na hakukiinua tena muda wote niliokuwa pale.

Nilipomaliza nilikuwa na kiu. Maji yale nikayanywa mimi, mpaka chini. Yalikuwa ya baridi, na yananuka kibuyu tu.